Mirihi Isipandwe Uhai Kabla Haijachunguzwa

Julai 2024, Perseverance, roboti ya shirika la anga la Marekani, NASA, ilisimama mbele ya jiwe katika bonde la mto uliokauka kwenye kreta ya Jezero, katika sayari ya Mirihi. Jiwe hilo lilikuwa na mabaka mepesi yenye kingo nyeusi, na watafiti wakayaita madoa ya chui. Roboti ililitoboa, ikachukua kipande chembamba na kukifungia ndani ya mrija. Septemba 2025 uchambuzi ulichapishwa katika jarida la Nature. Kwenye madoa hayo mna madini mawili yenye chuma, vivianaiti na greijaiti, na jiwe lenyewe lina kaboni ya aina inayojenga miili ya viumbe. Hapa duniani madini hayo mara nyingi hutokea pale vijidudu vinapokula mabaki ya viumbe katika tope. Yanaweza kutokea pia bila kiumbe chochote, ingawa njia kadhaa za namna hiyo zinahitaji joto kali, na jiwe lile halioneshi kuwa liliwahi kuokwa. Pamoja na yote hayo, watafiti wamesema jambo moja tu: hii ni dalili inayoweza kuwa ya uhai wa kale.

Sisi Waunguja tuna sababu ya kuiheshimu tahadhari hiyo, maana tunaye chui wetu ambaye hatujui kama yupo. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 aliwindwa kwa kampeni, kwa imani kuwa wachawi humfuga na kumtuma. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 watafiti walikuwa wamekata tamaa ya kumpata hai. Watu wa shamba waliendelea kusema wamemwona au wamekuta nyayo zake, na mwaka 2018 kamera iliyotegwa kwa ajili ya kipindi cha televisheni cha Marekani ilinasa mnyama aliyedaiwa kuwa ndiye. Ubishi haujaisha. Ikiwa kisiwa chenye urefu wa kilomita 85 hivi, chenye watu kila upande, kinatushinda kuamua habari ya mnyama mkubwa mwenye meno na kucha, basi anayesema Mirihi ni tupu baada ya kuikwaruza mahali pachache anasema asilolijua.

Haraka ya kujibu imekwisha kuwaponza wataalamu mara mbili. Mwaka 1976 vyombo viwili vya Viking vilitua Mirihi vikiwa na maabara ndogo. Kipimo kimoja kilitoa majibu yaliyofanana na ya udongo wenye vijidudu, vingine vikakataa, na wengi wakakubaliana kuwa ni kemia ya udongo tu, ingawa Gilbert Levin aliyekibuni kipimo hicho alishikilia msimamo wake hadi mwisho. Mwaka 1996 likaja dai la uhai katika jiwe la ALH84001, kimondo kutoka Mirihi kilichookotwa Antaktika mwaka 1984. Rais Clinton wa Marekani alilizungumzia hadharani, lakini hoja za uhai ndani yake zikapunguzwa nguvu moja baada ya nyingine. Ndiyo maana mwaka 2021 wanasayansi wa NASA walipendekeza kipimo cha ngazi saba za kuthibitisha uhai nje ya Dunia. Madoa ya Jezero yako kwenye ngazi za mwanzo kabisa.

Huku swali hilo likiwa bado wazi, wapo wanaotaka kuruka hatua. Wanataka Mirihi ipashwe joto, hewa yake iwe nzito, maji yatiririke, vijidudu na mimea ya Dunia ipandwe, na baadaye watu waishi. Mwanasayansi wa Marekani Carl Sagan aliandika juu ya wazo hili katika miaka ya 1970. Elon Musk, mwenye kampuni ya roketi ya SpaceX, alisema mwaka 2015 kuwa njia ya haraka ni kulipua mabomu ya nyuklia juu ya ncha za sayari hiyo. Hesabu haziwaungi mkono sana. Shinikizo la hewa ya Mirihi halifiki hata asilimia 1 ya letu. Mwaka 2018 Bruce Jakosky na Christopher Edwards walipiga hesabu ya kaboni dayoksaidi yote inayoweza kupatikana kule kwa teknolojia ya karibuni, wakakuta shinikizo lingepanda hadi kiasi cha asilimia 2 tu ya la Dunia, na joto lisiongezeke hata nyuzi 10. Ni kweli kwamba mwaka 2024 kikundi kingine kilipendekeza kurusha angani vijiti vidogo sana vya chuma, vinavyotengenezwa kwa vumbi la Mirihi lenyewe, na kudai vinaweza kuongeza nyuzi zaidi ya 30. Kwa hiyo sitaegemea hoja kwamba jambo hili haliwezekani, kwa sababu huenda siku moja likawezekana. Ninalopinga ni kulifanya kabla hatujajua kulikuwa na nini.

Historia yetu ina ushahidi wa karibu kabisa. Katika miaka ya 1890, wakati wa utawala wa Waingereza, kunguru waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi ili wale takataka za mji. Nia ilikuwa usafi, na walioamua waliona wamepata dawa rahisi isiyodai mshahara. Kunguru alizaana. Akala mayai na makinda ya ndege wengine, akanyakua vifaranga uani na samaki sokoni, na takataka zikabaki palepale. Akavuka bahari, na leo Dar es Salaam anaitwa kunguru wa Zanzibar, kana kwamba sisi ndio tuliomtaka. Miaka ya 1990 kampeni ya kumwangamiza ilimpunguza sana, juhudi zikalegea, akarudi. Pita soko la Darajani asubuhi umwone. Karne moja na zaidi imepita na hakuna aliyeweza kuufuta uamuzi wa watu wachache waliodhani wanatatua tatizo la majaa.

Atakuwapo wa kunijibu kwamba kunguru alikuta ndege, na Mirihi hakuna yai la kuliwa. Lakini hilo ndilo tusilolijua. Uso wa Mirihi ni mkavu, una baridi na unapigwa na mionzi, ila chini ya miamba hali ni nyingine. Afrika Kusini, katika mgodi wa dhahabu wa Mponeng, kwenye kina cha kilomita 2.8, wanasayansi walikuta bakteria anayeishi bila jua wala hewa, akipata nguvu kutokana na kemia ya mwamba. Kiumbe wa namna hiyo akiwa amejificha Mirihi, vijidudu vyetu vinaweza kummaliza kabla hatujamjua. Na kama uhai wa kule ulikwisha mabilioni ya miaka iliyopita, hasara ipo vilevile: tukishapanda vijidudu vyetu, kila tutakachokiokota baadaye kitakuwa na shaka kama ni cha Mirihi au ni chetu.

Wapo wanaofikiri kinyume, na nia zao si mbaya. Mhandisi Robert Zubrin anaona kusambaza uhai ni wajibu wa binadamu. Mwanasayansi Christopher McKay wa NASA anasema tukikuta uhai dhaifu wa wenyeji, tunaweza kuipasha joto sayari kwa faida yao. Sagan, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa wazo hili, alikuja kuandika kwamba Mirihi ikiwa na uhai, hata wa vijidudu tu, tuwaachie wenyewe. Namfuata Sagan. Hata hivyo McKay na Sagan wanakutana mahali pamoja: lazima kwanza tujue.

Upo upande mwingine ambao sisi ndio wa kuusema, nao ni nani anayeamua. Mwaka 1960, Zanzibar ikiwa bado chini ya ulinzi wa Uingereza, ilikubaliwa Marekani ijenge kituo cha kufuatilia vyombo vya anga cha Mercury, mradi wake wa kurusha watu angani. Kituo kikasimama Tunguu. Tarehe 20 Februari 1962, mwanaanga wa Marekani John Glenn alipoizunguka Dunia mara tatu, Zanzibar ilikuwa moja ya vituo vilivyozungumza naye. Mjini wapinzani wa kituo walisema ni cha makombora ya vita. Makombora hayakuwepo, lakini hofu ilikuwa na mzizi wake: wenye kisiwa hawakuulizwa. Aprili 1964 serikali ya Mzee Karume, Rais wa Zanzibar, ikataka kiondolewe, nacho kikafungwa.

Mkataba wa Anga wa 1967 unasema uchunguzi wa anga uwe kwa faida ya nchi zote, unakataza taifa lolote kuimiliki sayari, na unataka uchafuzi wenye madhara uepukwe. Hausemi waziwazi kama ni halali kuibadili sayari nzima kwa makusudi. Pengo hilo litajazwa na wenye roketi iwapo wengine watanyamaza. Na wenye roketi wana haraka ya kwenda kuliko ya kujua: mwaka 2024 NASA ilikiri kuwa kurudisha sampuli za Perseverance kungeweza kugharimu dola bilioni 11 na kuchelewa hadi 2040, na mwaka 2025 serikali ya Marekani ikapendekeza mpango huo ufutwe, huku ikitaka fedha zaidi za kupeleka watu Mirihi. China nayo inapanga kurusha Tianwen-3 mwaka 2028 ikachukue sampuli zake.

Tunguu leo ina kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Naomba sheria ya anga na elimu ya uhai nje ya Dunia zipate nafasi pale, na katika skuli zetu, ili wapatikane Wazanzibari wa kuzungumza suala hili kwa ujuzi. Na Tanzania, kwenye Umoja wa Mataifa, idai kanuni moja iliyo wazi: asipeleke mtu uhai Mirihi kwa makusudi, si serikali wala kampuni, mpaka sampuli ziwe zimerudishwa, zimepimwa na maabara za nchi mbalimbali, na majibu yametangazwa kwa watu wote.