Mhitimu wa biolojia Bujumbura: maabara ipo, mnunuzi yuko wapi?

Chuo Kikuu cha Burundi, kilichoanzishwa mwaka 1964, huwatoa kila mwaka vijana waliosomea biolojia, kemia na kilimo. Milango inayowangoja inajulikana: kufundisha shule ya sekondari, kuajiriwa na taasisi ya serikali kama ISABU inayofanya utafiti wa kilimo, au kuomba nafasi katika shirika la misaada. Upo mlango wa nne, wa kampuni zinazogeuza elimu ya viumbe hai kuwa bidhaa ya kuuzwa. Huo hutajwa sana katika warsha, na wanapokosekana wa kuupita, lawama humwangukia kijana mwenyewe. Huambiwa hana uthubutu, na kwamba amezoea kungoja ajira ya serikali.

Lawama hiyo haielezi mambo yalivyo. Burundi ina wataalamu, na kampuni za aina hiyo zimekwisha kuanzishwa hapa hapa nchini, ingawa wakazi wengi wa Bujumbura hawajapata kuzisikia. Tatizo liko kwa mnunuzi.

Anayetaka kuuelewa uchumi wa bioteknolojia nchini Burundi aanze na mgomba. Mgomba hauna mbegu ya kupandwa. Mkulima hung'oa chipukizi kwenye shina la mama akalihamishia kwingine, au akampa jirani bila malipo. Ukarimu huo umelisha vizazi, lakini ndio pia njia ambayo maradhi hupita. Katika bonde la Rusizi, tangu miaka ya 1980 umejulikana ugonjwa wa virusi unaoudumaza mgomba na kuyabana majani yake ya juu mfano wa shada. Mwaka 2010 ikaripotiwa kwamba mnyauko bakteria nao umeingia nchini. Mkulima anaweza kulibeba chipukizi linaloonekana zima kabisa, akalipanda, na asijue kwamba amejipandia maradhi mpaka shamba lianze kuharibika.

Hapo ndipo sayansi ya chuo inapokutana na soko. Mtaalamu hukata kipande kidogo cha kiini cha mgomba wenye afya, akakitakasa, akakiweka ndani ya chupa yenye chakula kilichoganda mithili ya jeli, chenye sukari, madini na vichocheo vya ukuaji. Kipande huchipua, hukatwa tena, kila sehemu ikapata chupa yake. Kutoka kiini kimoja hupatikana mamia ya miche inayofanana. Maabara binafsi kama Agrobiotec ya Bujumbura, na Phytolabu, zilijitosa katika kazi hii. Mhitimu wa biolojia aliyezoea hadubini anaweza kuifanya, maana elimu yake inamtosha.

Hata hivyo, kazi ikishakuwa ya kampuni hubadilika sura. Chuoni, jaribio lililofaulu katika chupa ishirini ni tasnifu. Katika kampuni, swali ni chupa elfu ngapi zimeoza wiki hii kwa sababu mfanyakazi mmoja hakunawa vizuri, au kwa sababu umeme ulikatika na chumba kikapata joto. Miche ikitoka chupani haina budi kuzoeshwa jua na upepo kidogo kidogo chini ya kivuli kwa wiki kadhaa, kisha imfikie mkulima mvua zinapoanza. Msimu mkuu wa kwanza huanza Septemba. Anayechelewesha miche yake, hata ikiwa mizuri namna gani, hana cha kuuza. Hesabu hizi za uchafu, mafuta ya jenereta na tarehe hazimo katika mtihani wowote, na kwa kweli ndizo zinazomtenga mtafiti na mzalishaji.

Hayo yote bado yanaweza kufundishika. Lililo gumu zaidi ni kwamba mkulima wa Burundi hununua mche wa maabara kwa nadra. Kwa nini alipe, ilhali jirani anampa chipukizi bure? Tena ndizi nyingi za nchi hii ni za kutengenezea pombe, na bei yake haimpi sababu ya kuwekeza. Hivyo mteja mkubwa wa miche amekuwa serikali na mashirika ya misaada, ambayo huinunua kwa wingi na kuigawa. Mradi ukiwepo, maabara huajiri. Ukimalizika, mhitimu aliyeajiriwa kwa ajili yake hurudi nyumbani na cheti cha utumishi.

Utegemezi huo una hatari zake za kisiasa. Machi 2016 Umoja wa Ulaya ulisitisha msaada wa moja kwa moja kwa serikali ya Burundi, na hatua hiyo haikuondolewa hadi Februari 2022. Fedha za wananchi ziliendelea kupitia mashirika, lakini kampuni iliyojengwa juu ya zabuni za umma haiwezi kupanga mambo ya miaka sita katika hali kama hiyo. Ukaja uhaba wa fedha za kigeni, kushushwa kwa thamani ya faranga Mei 2023, na foleni za mafuta zinazojulikana na kila mkazi wa Bujumbura. Kemikali za maabara huagizwa kutoka nje na kulipiwa kwa dola.

Majirani wameanzia palipo tofauti. Nchini Uganda, kampuni ya AGT iliyoanzishwa na Erostus Nsubuga imekuwa ikizalisha miche ya migomba na kahawa kwa njia hiyo hiyo ya chupa. Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta huuza miche ya maabara yake. Kampala hula matoke kila siku, na Nairobi hununua ndizi mbivu. Mkulima wa huko, mwenye soko la mjini, ana sababu ya kulipia mche usio na maradhi. Sidhani kwamba wanasayansi wa nchi hizo ni hodari kuliko wa Burundi.

Wapo wanaosema kijana avuke mpaka tu. Kigali, kampuni ya Ujerumani ya BioNTech ilizindua Desemba 2023 kituo chake cha kutengenezea chanjo za mRNA. Mwezi uliofuata, Januari 2024, Burundi ilifunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda. Kwa mhitimu wa Bujumbura, kiwanda kilicho karibu kuliko vyote kikawa mbali kwa amri moja. Nacho kiwanda kikubwa si dhamana: Aprili 2024 kampuni ya Marekani ya Moderna ilisimamisha mpango wake wa kujenga kiwanda Kenya, ikieleza kwamba mahitaji ya chanjo za Covid yameshuka. Hata kwa tajiri, mnunuzi ndiye aliyeamua.

Mrundi mmoja alilijua hilo mapema. Mwaka 2013 Gérard Niyondiko, akiwa mwanafunzi wa taasisi ya 2iE mjini Ouagadougou, alishinda pamoja na Moctar Dembélé wa Burkina Faso tuzo ya dola 25,000 katika shindano la kimataifa la biashara za kijamii huko Berkeley, Marekani, kwa wazo la sabuni ya kufukuza mbu. Magazeti ya dunia yaliandika juu ya sabuni hiyo. Lakini bidhaa iliyokuja kuuzwa Burkina Faso ilikuwa mafuta ya kujipaka, yaliyopewa jina la Maïa, kwa sababu sabuni husuuzwa na maji. Kutoka tuzo mpaka kopo dukani ilipita miaka, na yote hayo yalifanyika mbali na Bujumbura.

Je, hapa nyumbani pana pa kuanzia? Nadhani pako, napo ni padogo kuliko kiwanda. Mche wa chupani haukosi virusi kwa sababu tu umetoka chupani. Mama mgonjwa huzaa mamia ya wagonjwa. Kila maabara inahitaji mtu wa kupima, na ofisi ya taifa ya kudhibiti na kuthibitisha mbegu, ONCCS, inahitaji vipimo vya kuaminika. Chuo kikuu kingeweza kuuza huduma hiyo kwa bei inayojulikana, na mwanafunzi akajifunza humo kufanya kazi kwa tarehe ya mteja kabla hajaacha masomo. Upande wa pili, miradi ingeweza kumpa mkulima hati ya punguzo, achague mwenyewe maabara ya kununua, badala ya kushushiwa miche kutoka kwenye lori. Hapo maabara ingemjua mteja wake kwa jina, na mradi ukiondoka, angalau baadhi yao wangerudi.

Oda za miche ya Septemba zinapaswa kuwekwa miezi mingi kabla, wakati kipande cha kwanza kinakatwa. Ukitembelea maabara wakati huo, muulize fundi ni oda ngapi zimetoka kwa mkulima mwenyewe.