Kompyuta za mitumba: Bei nafuu yaficha gharama

Kwa kijana wa Kendu Bay atakaye kompyuta ya michezo lakini mfuko hauruhusu, njia rahisi imekuwa kununua mtumba wa ofisini na kuuongezea kadi ya michoro.

Hata hivyo, hesabu hiyo ilibadilika Oktoba 14, 2025, Microsoft ilipositisha huduma za kawaida za Windows 10. Windows 11 haikubali rasmi takriban prosesa zote za Intel zilizotangulia kizazi cha 8, nazo ndizo zilizomo katika mitumba ya bei ya chini kabisa. Isitoshe, bei ya kumbukumbu ilipanda mwishoni mwa 2025, viwanda vilipoelekeza chipu kwenye vituo vya akili unde.

Kwa hivyo prosesa itangulie, kisha kumbukumbu ya gigabaiti 16. Kadi yaweza kungoja, na iwe isiyozidi wati 75, kwani mashine nyingi za ofisini hazina nyaya za umeme za kadi kubwa.

Ukaguzi ufanywe kabla ya malipo. Kurejesha mashine mbovu Kisumu au Nairobi ni nauli juu ya hasara.