Daktari Afundishwe Wilayani

Mwanafunzi wa udaktari nchini Tanzania husoma miaka mitano, kisha hutumikia mwaka mmoja wa utarajali kabla ya kupewa usajili kamili. Masomo ya wodini, yale yanayomfanya awe daktari, huyapata zaidi katika hospitali kubwa: Muhimbili, KCMC, Bugando, Benjamin Mkapa. Akiajiriwa na Serikali, huenda akapangiwa hospitali ya wilaya au kituo cha afya ambako hajawahi kufanya kazi hata wiki mbili. Utaratibu huu unatuumiza, na wanaoumia zaidi ni wagonjwa.

Una asili yake. Chuo cha tiba cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1963, walimu wachache waliokuwepo walikuwa kwenye hospitali kubwa, na wanafunzi wakawafuata. Hadi leo mabingwa wako huko, pamoja na maabara na mashine za picha. Lakini mgonjwa anayefika huko mara nyingi ameshapita mikono mingine. Ana barua ya rufaa, ameshapimwa, pengine ugonjwa wake umeshatajwa. Mwanafunzi anamkuta swali gumu kuliko yote likiwa limejibiwa nusu.

Wilayani swali hilo huja zima. Mtoto ana homa ya siku tatu, anapumua kwa kasi na amekataa kunyonya. Ni malaria, nimonia, au vyote viwili? Mama amejifungua usiku na damu haikomi. Benki ya damu ina chupa moja, mtaalamu wa usingizi yuko nyumbani kwake, na hospitali ya mkoa iko mbali, njia yenyewe ya mvua. Daktari aamue: aingie chumba cha upasuaji na alicho nacho, au ampakie mgonjwa kwenye gari? Akichelewa kuamua, mama anakufa. Uamuzi wa namna hiyo hujengwa kwa kusimama mara nyingi kando ya mtu anayeujua, na kwa kuulizwa palepale, “Wewe ungefanyaje?” Katika raundi ambayo wanafunzi ni wengi kuliko vitanda, aliye nyuma husikia sauti tu. Wapo wanaofika mwaka wa tano wakiwa wameona upasuaji wa uzazi mara nyingi bila kushika hata uzi.

Wanaopinga kuwapeleka wanafunzi wilayani wana hoja nzito, na siipuuzi. Daktari wa wilaya ana foleni nje ya mlango; atafundisha saa ngapi? Mwanafunzi anaweza kujifunza njia za mkato, kama kumpa antibiotiki kila mwenye homa. Baya zaidi, anaweza kuachwa peke yake zamu ya usiku, akawa mfanyakazi wa bure, na makosa yake yakalipwa na mtu maskini. Kumpeleka bila msimamizi ni hatari kuliko kumbakiza mjini.

Lakini hoja hiyo inadai wasimamizi. Haidai kuwa wilaya haifai. Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret kilijenga mafunzo ya jamii ndani ya mtaala wake wa udaktari tangu miaka ya mwanzo. Hapa kwetu, Ifakara kuna chuo kikuu kishiriki cha tiba kilichojengwa bondeni Kilombero. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2010, na likarudia mwaka 2021, kwamba wanafunzi wapate mafunzo vijijini, kwa kuwa wanaofundishwa huko wana uwezekano mkubwa zaidi wa kufanya kazi huko. Tena wilayani walimu wapo, ila hatuwaiti walimu. Madaktari wasaidizi, waliofunzwa nchini tangu miaka ya 1960, wamebeba kwa miongo mingi sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi. Mkunga mzoefu wa leba humtambua mama anayeelekea kwenye kifafa cha mimba kabla ya degedege la kwanza. Chuo kikuu kinachoona aibu mwanafunzi wake kufundishwa na watu hawa kinamnyima elimu kwa sababu ya cheo.

Kikwazo kikubwa ni fedha, na hapa sioni nia ya kutosha. Mwanafunzi anayetegemea bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, akienda Nachingwea au Kibondo analipia chumba cha huko huku kile cha mjini kikiendelea kudaiwa, maana akikiachia hatakipata tena. Fungu la mafunzo kwa vitendo la Bodi ya Mikopo halimfikii asiye na mkopo. Daktari anayemsimamia naye anaongezewa kazi bila malipo wala nafasi ya kupanda cheo.

Kwa hiyo, kabla ya kuongeza idadi ya wanaodahiliwa, vyuo na Wizara ya Afya waanze na mwaka wa tano. Nusu yake ifanyike katika hospitali za wilaya zilizochaguliwa, kila moja ikipokea wanafunzi wachache wenye nyumba ya kulala ndani ya eneo la hospitali, na msimamizi aliyepewa mkataba wa ualimu unaolipwa. Hospitali isiyo na msimamizi isipelekewe mwanafunzi hata mmoja.