Ovaroli Kubwa, Mwili Mdogo

Juma hili napenda tuzungumze juu ya ovaroli, nguo moja iliyounganisha shati na suruali. Mkulima huivaa shambani na fundi wa magari huivaa gereji, lakini ni wachache wanaojua namna ya kuipunguza.

Hapa kwetu Kongowea, ukishavuka Daraja la Nyali, soko letu lajulikana kwa mboga na matunda, na pia kwa mitumba. Nguo za marobota hayo nyingi zilikatwa kwa vipimo vya watu wa Ulaya na Marekani. Kwa hiyo kijana mwembamba aghalabu huangukia ovaroli ya mtu wa miraba minne.

Mpwa wangu alipopata nafasi ya kujifunza kazi ya chuma katika karakana moja, aliambiwa kwamba asiye na ovaroli inayomkaa hasimami mbele ya mashine. Sharti hilo ni la haki, maana nguo inayoning'inia ikinaswa na chuma kinachozunguka, humvuta mwenyewe pamoja nayo. Nikamnunulia ovaroli sokoni. Ilikuwa kubwa, nami kwa kujidai kuwa najua, nikamwamuru fundi aikate miguu inchi tatu. Akakata.

Siku ya kwanza kijana alirudi kabla ya adhuhuri. "Mjomba," akasema, "nikipanda ngazi msamba wa nguo wanishika mapajani, na kiunoni kitambaa kimejaa kama gunia. Msimamizi amenirudisha."

Nikampeleka kwa mzee mmoja mshonaji. Mzee akaitazama ile nguo, akacheka kidogo, akasema, "Bwana karani, umeanzia mwisho." Kisha akatufundisha.

Kwanza alipitisha utepe wa kupimia begani, akaushusha kifuani, ukapita kati ya miguu, ukapanda mgongoni hadi bega lile lile. Mwili wa kijana ulikuwa inchi 60. Akaongeza inchi 4 za kuinamia, zikawa 64. Ovaroli nayo, ilipopimwa vivyo hivyo, ilikuwa na 68. Basi zilizozidi ni 4: mbili za mbele na mbili za nyuma.

Wala hakukata. Aliikunja nguo kwa ndani, kiunoni, kuzunguka mwili wote. Mkunjo wa inchi moja humeza inchi mbili za kitambaa. Akapiga bandi kwa mkono, akamwambia, "Mwanangu, ivae, uchuchumae, kisha uinue mikono juu." Ilipomkaa vema, ndipo akaipeleka kwenye cherehani. Halafu alipunguza ubavuni, kutoka kwapani hadi nyongani. Kifungo kimoja kilichoangukia katika mkunjo alikihamisha pamoja na tundu lake. Ovaroli ya zipu ina kazi zaidi, kwa kuwa zipu haikunjiki. Hapana budi ifumuliwe kwanza, kisha ishonwe upya.

Hapo kosa langu likaonekana wazi. Kiuno kilipopanda inchi mbili, miguu nayo ilipanda inchi mbili, na mimi nilikwisha kuikata tatu! Vipande nilikuwa nimevitupa. Maji yakimwagika hayazoleki. Mzee alilazimika kuunga kitambaa kingine, na sasa mpwa wangu huvaa ovaroli ya buluu yenye miguu ya kijivu. Wenzake humcheka, lakini mashine haina cha kumshika.

Basi, ndugu msomaji, shika utaratibu huu: anza na kiwiliwili, fuata ubavu, kisha mikono, na pindo la miguu liwe la mwisho. Tena, kama mvaaji ni kijana anayekua, kunja wala usikate. Mwaka ujao utafumua mshono mmoja tu, na nguo itakua pamoja naye.