Kirikuu, pikapu au Canter? Hesabu safari kabla ya tani

MSIMU ukiwa mzuri na fedha zikaingia mkononi, mazungumzo ya wakulima na wafanyabiashara wadogo huhamia kwenye jambo moja: gari. Mmoja atasema kirikuu inamtosha, mwingine atasema mtu mzima hununua pikapu, na wa tatu atawacheka wote wawili na kusema bila Canter hujaanza biashara.

Wenzetu wa Marekani nao wana ubishi wa aina hiyo, ila kwao ni kati ya pikapu ya kati kama Toyota Tacoma na pikapu kubwa kama Ford F-150. Hapa kwetu Hilux, Ranger na D-Max, ambazo kwa Mmarekani ni za kati, ndizo tunazoziita pikapu. Anayetaka kubwa zaidi huruka moja kwa moja hadi Canter, na mwenye mfuko mdogo huangukia kirikuu.

Nionavyo mimi, ubishi wote huu huanzia mahali pasipo sahihi. Tunauliza gari linabeba tani ngapi, wakati swali la kwanza ni litatembea mara ngapi kwa mwaka likiwa na mzigo.

Kosa hili nalijua vizuri kwa sababu nimelifanya mwenyewe, kwa kalamu yangu.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu miezi michache tu. Baba yangu mdogo, mkulima wa nyanya upande wa Ilula mkoani Iringa, alikuwa amepata bei nzuri kuliko miaka yote aliyolima. Akaniita nyumbani, akaniwekea daftari mezani na kusema, "Mwanangu, wewe ndiye msomi wetu. Nipigie hesabu, nataka pikapu."

Nikapiga hesabu. Nikaandika tani moja kwa kila safari, safari tatu kwa wiki, nikagawanya mafuta kwa kilo, na jibu likapendeza. Baba mdogo akanunua pikapu ya milango minne, na kijiji kizima kikaja kuitazama.

Msimu uliofuata nilikwenda kumtembelea, nikaikuta pikapu imeegeshwa chini ya mti, kuku wamelala juu yake. Nikamuuliza kulikoni. Akacheka kidogo, akasema, "Hesabu yako ilikuwa nzuri, mwanangu, ila nyanya hazijasoma chuo."

Alikuwa na haki. Nyanya haziivi zote siku moja. Mchumo wa kwanza hutoa matenga machache, michumo ya katikati ndiyo hutoa mzigo wa maana, kisha shamba huanza kushuka tena. Mimi nilikuwa nimepiga hesabu ya siku ya kilele na kuifanya kuwa ya mwaka mzima.

Mbaya zaidi ni kilichofuata. Fedha yote ilikuwa imeingia kwenye gari, hivyo ya mbegu na dawa haikuwapo. Ikabidi achukue fedha ya dalali na kuuza nyanya zikiwa bado shambani, kwa bei aliyopangiwa. Pikapu iliyonunuliwa ili kumkomboa kwa dalali ndiyo iliyomrudisha mikononi mwake.

Mzigo wa siku nyingi, si wa siku moja

Tuchukue mfano, na msomaji aweke takwimu zake mwenyewe mahali pa hizi zangu. Shamba liko kilomita 45 kutoka sokoni, yaani kilomita 90 kwenda na kurudi, na lita ya mafuta tuseme ni Sh3,000.

Kirikuu ikitembea kilomita 12 kwa lita itatumia mafuta ya Sh22,500. Pikapu ikitembea kilomita 10 kwa lita itatumia Sh27,000. Canter ikitembea kilomita 6 kwa lita itatumia Sh45,000.

Zote zikijaa, Canter inashinda bila ubishi. Ikibeba tani tatu, kila kilo hugharimu Sh15 za mafuta. Pikapu yenye tani moja ni Sh27 kwa kilo, na kirikuu yenye kilo 350 ni kama Sh64.

Sasa tubadilishe jambo moja tu: siku hiyo umechuma kilo 300. Kirikuu itakugharimu Sh75 kwa kilo, pikapu Sh90 na Canter Sh150. Lililokuwa gari la bei nafuu kuliko yote limekuwa la ghali kuliko yote, na hakuna kilichobadilika isipokuwa mzigo.

Hapa ndipo kila mtu anapaswa kulitazama zao lake. Mkulima wa mahindi au viazi ana mzigo mkubwa kwa wiki chache, kisha kimya. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa au mkulima wa mchicha ana mzigo mdogo, lakini wa kila siku. Mfanyabiashara anayezunguka minada ana mzigo unaofanana wiki hadi wiki, tena hurudi na bidhaa za duka. Hawa watatu hawawezi kupewa ushauri mmoja.

Gari lililosimama nalo linakula

Mafuta huonekana kwa sababu unalipia pampuni. Gharama kubwa zaidi haionekani, nayo ni uchakavu, yaani thamani inayopotea kila mwaka hata gari likiwa limeegeshwa.

Ni kweli kwamba ada ya mwaka ya leseni ya magari ilifutwa mwaka 2017 na mzigo wake ukahamishiwa kwenye bei ya mafuta. Kwa hiyo gari lisilotembea halidaiwi tena ada ile. Lakini mipira inakauka, betri inakufa, kutu inaanza, na mnunuzi wa kesho anahesabu miaka.

Tuseme umenunua kirikuu kwa Sh12 milioni, au pikapu kwa Sh30 milioni, au Canter kwa Sh36 milioni, zote zikiwa zimetumika. Tuseme pia kila moja itapoteza nusu ya thamani yake kwa miaka mitano. Kirikuu inakula Sh1.2 milioni kwa mwaka, pikapu Sh3 milioni, Canter Sh3.6 milioni.

Ukienda sokoni mara 100 kwa mwaka, uchakavu wa Canter ni Sh36,000 kwa safari. Ukienda mara 30, ni Sh120,000 kwa safari, kabla hujaweka hata tone la mafuta.

Sasa mchukue mkulima mwenye safari 30 kwa mwaka: 24 za mzigo mdogo wa kilo 300 hivi, na sita za kilele, zenye zaidi ya tani mbili kila moja.

Akinunua Canter na kuitumia kwa safari zote, uchakavu na mafuta vitafika Sh4.95 milioni kwa mwaka. Akinunua kirikuu kwa safari ndogo, na siku sita za kilele akakodi Canter kwa Sh220,000 kila safari, atatumia Sh3.06 milioni. Akinunua pikapu na kukodi Canter siku hizo sita, atatumia kama Sh4.97 milioni, yaani sawa na mwenye Canter yake.

Na kuna jibu la nne ambalo watu hawalipendi. Asiponunua chochote, akakodi kirikuu kwa Sh60,000 kwa safari ndogo na Canter kwa zile sita kubwa, atatumia Sh2.76 milioni. Kwa safari 30, kukodi kunawashinda wote.

Ukitaka kujua kirikuu inaanza kulipa lini, angalia unachookoa kwa kila safari: Sh60,000 za kukodi ukitoa Sh22,500 za mafuta, unabaki na Sh37,500. Ili kurudisha uchakavu wa Sh1.2 milioni unahitaji safari 32. Ukiongeza bima, matengenezo na posho ya dereva, idadi hiyo inapanda. Chini ya hapo, unanunua heshima. Si dhambi kununua heshima, ila usiiandike kwenye daftari la biashara.

Wapo watakaoniuliza: siku za kilele magari ya kukodi hupanda bei au hayapatikani kabisa, je, nyanya zioze? Hoja hii ni ya kweli, na ndiyo sababu nimeweka Sh220,000, ambayo nimeifanya kubwa makusudi. Dawa yake ni kupanga mapema. Wakulima watatu au wanne wa jirani wakikubaliana na mwenye Canter kabla ya msimu, siku na bei zikijulikana, wana nguvu kuliko mmoja anayepiga simu akiwa na matenga barabarani.

Usidanganywe na bodi

Kwa aliyekwisha kujiridhisha kwamba safari zake zinatosha, yapo mambo machache ya kuzingatia.

Kirikuu ya Kijapani ya sentimita za ujazo 660 imetengenezwa kubeba kilo 350. Tunaziona zikiwa na mara mbili au tatu ya hapo, na zinakwenda. Tatizo si kwenda, tatizo ni kusimama. Breki na springi zake hazikupangiwa mzigo huo, na mteremko kama wa Kitonga hausamehe. Kama mzigo wako wa kawaida ni kilo 700, kirikuu ni kujidanganya, na hapo pikapu ina haki yake. Ina haki zaidi kama njia ya shambani ni ya tope na mawe.

Kwa pikapu, tofautisha ya milango miwili na ya milango minne. Hilux ya milango minne ina bodi ya urefu wa mita 1.5 hivi, wakati ya milango miwili hufikia kama mita 2.3. Zote zinaweza kuitwa za tani moja, lakini tani moja ya saruji si sawa na tani moja ya nyanya. Nyanya zinataka nafasi. Baba mdogo alilipia viti vya abiria ambao hakuwa nao, akapoteza nafasi ya matenga aliyokuwa nayo.

Pima pia mzigo kwa kilo, si kwa magunia. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, hivyo magunia kumi ni tani moja. Yakiwa ya lumbesa, pikapu yako imezidiwa kabla hujawasha injini.

Kwa Canter, kumbuka kwamba nyingi zina tairi sita, hivyo siku ya kubadilisha unanunua sita. Magari ambayo uzito wake wa jumla, gari na mzigo, unaanzia tani 3.5 hutakiwa kupita kwenye mizani ya barabara kuu. Na ukianza kubeba mizigo ya watu kwa malipo, unahitaji leseni ya LATRA na bima ya biashara. Bima ya gari binafsi inaweza kukuacha peke yako siku ya ajali.

Nani basi anunue kubwa? Ni yule ambaye gari halitalala. Mfanyabiashara wa mahindi anayekwenda Kibaigwa mara mbili au tatu kwa wiki, akarudi na mzigo, huyo Canter itamlipa, na akinunua pikapu atajichelewesha. Safari ya kurudi tupu ndiyo inayoua wengi. Anayejua atarudi na nini, mbolea, soda au saruji, amekwisha kugawanya gharama yake kwa nusu.

Ushauri wangu ni mwepesi na hauhitaji shahada. Kabla ya kwenda yadi, nunua daftari. Kwa msimu mmoja andika kila safari: tarehe, kilo, kilomita, ulicholipa kukodi na ulichorudi nacho. Mwisho wa msimu hesabu safari zilizo nyingi zilikuwa na kilo ngapi. Nunua gari la safari hizo, na zile chache kubwa uzikodie. Kama safari zenyewe ni chache, kodi zote.

Kisha utazame kilichobaki. Kati ya kirikuu na Canter katika mfano wetu kuna tofauti ya Sh24 milioni. Hizo ni mbegu, dawa, mbolea na pampu ya umwagiliaji. Zaidi ya hayo, ni uwezo wa kumwambia dalali, "Subiri, sijaamua kuuza."

Baba mdogo aliiuza ile pikapu kwa hasara, na ilimchukua misimu mitatu kurudi kulima kwa fedha yake mwenyewe. Leo anakodi, na kila safari ameiandika kwenye daftari. Mwaka jana alinionyesha kurasa zake, akaniambia safari zimefika 41 na anafikiria kirikuu.

Safari hii hakuniomba nimpigie hesabu. Alikuwa amekwisha kuipiga.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.