"Hii Tunapiga Upya"

Jamani, tuache huu mchezo. Kompyuta ikigoma kuwaka, fundi anaitazama skrini nyeusi sekunde tatu, anatamka "hii tunapiga upya", na sisi watu wa vitabu tunaitikia sawa. Kupiga upya maana yake diski inafutwa. Riwaya iliyokuwa imefika sura ya 11 ndiyo imekwenda hivyo.

Hapa Katesh nina rafiki, mwalimu, aliyewarekodi wazee kwa Kiiraqw na Kidatoga. Baadhi yao walieleza matope yalivyoshuka kutoka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023. Kazi yote ilikuwa kwenye mpakato mmoja wenye Ubuntu, betri yake imeshachoka. Usiku mmoja umeme ukakatika. Asubuhi skrini ikaleta neno initramfs, ikanyamaza ikisubiri amri. Fundi akampigia Windows kwa elfu ishirini. Wawili kati ya wale wazee wameshafariki.

Sasa, ile skrini haikusema kazi imepotea! Linux inapowaka, kompyuta hutafuta diski, GRUB hupakia kiini cha mfumo, kisha kiini hufungua sehemu yenye mafaili. Ukiishia kwenye initramfs, kiini kimeamka ila kimeshindwa kufungua sehemu hiyo, mara nyingi kwa kuwa umeme ulikatika diski ikiwa katikati ya kuandika, mpangilio wa mafaili ukavurugika. Ukiona grub rescue, GRUB imepotewa na sehemu yake ya diski. Kwa kawaida maandishi yako bado yapo palepale. Chomeka flashi yenye Linux, washa mashine kutoka kwenye flashi hiyo, chagua kujaribu bila kusakinisha, fungua diski, nakili kazi yako kwenye diski ya nje. Ukishanakili ndipo uite fsck irekebishe. Nakala kwanza, matengenezo baadaye. (Diski ikigongagonga, zima kabisa, hiyo habari nyingine.)

Fundi simlaumu sana. Analipwa mashine iwake, halipwi kuokoa simulizi za wazee, na hakuna aliyemwambia zimo.

"Lakini skrini ni Kiingereza." Kweli, na hapo nina ugomvi mwingine. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi ya heshima ile. Ila tulitafsiriwa sebule tu. Moto ukiwaka jikoni, bado tunapigiwa kelele kwa lugha ya wengine. Na programu huria haijamkataza mtu yeyote kutafsiri. Humu blogu imejaa watafsiri wa mashairi. Nani amewahi kutafsiri hata onyo moja la diski?

Hata hivyo kwa msomaji wa humu hicho ni kisingizio. Tunaisoma Nagona ya Kezilahabi mara tatu, tunagombana usiku kucha juu ya maana yake, halafu mistari minne ya skrini nyeusi inatutoa mbio? Wasomaji gani sisi? Ipige picha hiyo skrini. Soma mstari wa mwisho, hata kwa kamusi. Kisha muulize fundi: hapa pameandikwa nini? Akikujibu "achana nayo hiyo, tunapiga upya", mshukuru, beba mashine yako, ondoka.