Nani atamiliki ujuzi wa Olkaria?

Kisima cha mvuke kinapofunguliwa kwa majaribio huko Olkaria, Kaunti ya Nakuru, ngurumo yake hufanana na ya injini ya ndege inayotaka kupaa. Ili kuituliza, wahandisi huelekeza mvuke na maji ndani ya sailensa, pipa kubwa lililo wazi juu. Humo kasi hupungua, maji yakabaki chini na mvuke ukatoka kwa utulivu.

Kifaa hicho ni cha zamani, na hakuna awezaye kukidai. Hata hivyo, marekebisho yanayobuniwa kisimani kulingana na hali ya Bonde la Ufa huenda yakawa uvumbuzi. Watengenezaji wa injini za ndege hulinda kwa hataza hata umbo la ukingo wa bomba linalopunguza kelele.

Bonde la Ufa lina funzo lake. Katika miaka ya 1990, vijidudu vilivyochukuliwa na watafiti kutoka Uingereza katika maziwa ya magadi, likiwemo Bogoria, viliipa kampuni ya Genencor ya Marekani vimeng'enya vya kutengenezea sabuni na kufifisha rangi ya nguo za jinzi. Mnamo 2004, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilidai mgao, likisema idhini yake haikutolewa. Kampuni ilikana kosa. Zaidi ya miaka 10 ilikuwa imepita, na haki za uvumbuzi zilikuwa mikononi mwa wengine.

Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001 huilinda hataza kwa miaka 20 tangu ombi liwasilishwe, mradi uvumbuzi uwe mpya duniani kote. Lakini hataza ya Kenya hukomea mipakani, ilhali ujuzi wa Olkaria umekwisha kuvuka. KenGen ilipata kandarasi za kuchimba visima Ethiopia mwaka 2019 na Djibouti mwaka 2021. Nchi hizo mbili si wanachama wa ARIPO, shirika la Harare linalopokea maombi ya hataza kwa niaba ya mataifa kadhaa ya Afrika. Ulinzi huko sharti utafutwe kando.

Kwa hivyo, mhandisi anayebuni kitu Olkaria anapaswa kukiandika na kuwasilisha ombi kabla ya kukionyesha hadharani au kukipeleka ugenini. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.